Dawa ya Nani?

Nimerudisha funguo, koti jeupe na kitambulisho cha kazini. Kitana sikurudisha. Ni kitana cha chuma chenye meno madogo yaliyobanana, kimepinda upande mmoja kwa sababu mbwa wa Makongeni aliwahi kukilalia, na hakuna aliyekiulizia nilipokuwa nikiaga. Kama huo ni wizi, basi nimeungama mapema, kabla hamjaanza kukitafuta kwenye droo.

Ninyi mliobaki kliniki mliniomba niandike mambo ya kazi. "Yale ya zamani, Mama Dawa, kabla hujayasahau," mkasema. Asanteni kwa imani yenu katika kichwa changu. Nitaandika, lakini msitarajie habari za vyeo. Siku ya kwanza nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, na siku ya mwisho nilikuwa hivyo hivyo, ila na maneno mawili zaidi mbele ya cheo. Nitaandika juu ya viroboto, kupe na minyoo, na juu ya paka mmoja wa Majengo ambaye nilikaribia kumwua kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilizaliwa Kaloleni, baba yangu akiwa fundi wa reli. Nilipomwambia nimemaliza chuo cha mifugo na nimepata kazi katika kliniki ya wanyama karibu na Shauri Moyo, alikunja gazeti lake akaniuliza, "Yaani umesomea ng'ombe miaka miwili ili ukakae mahali ambapo ng'ombe hufika akiwa ameshachinjwa?" Ukweli ni kwamba katika miaka thelathini na mmoja nimeshika ng'ombe wanne tu, na mmoja wao alikuwa amepotea njia. Wengine wote walikuwa mbwa, paka, sungura wachache, na kasuku wa Eastleigh aliyenitukana kwa lugha tatu.

Aliyenipokea siku ya kwanza ni Bwana Kilonzo. Yeye alikuwa mtu wa kaunta, na kabla ya hapo alikuwa mwangalizi wa josho la ng'ombe huko kwao Machakos. Hakuwa na cheti cha kutundika ukutani. Alivaa gambuti mwaka mzima, jua liwe la kupasua mawe, na hasira zake zilikuwa karibu. Alinitazama, akatazama viatu vyangu vya wazi, akasema, "Hivyo vidole vitaumwa," akaendelea na kazi yake.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mwenye haraka. Aliweka chupa tupu ya soda juu ya kaunta, akasema, "Nipimie dawa ya viroboto."

Mnajua mambo ya kupimiwa. Mitaa yetu hii watu hupimiwa mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, maziwa, sabuni ya maji, kila mtu na chupa yake. Dawa ya mifugo nayo huja katika mtungi mkubwa uliokusudiwa mtu mwenye ng'ombe hamsini, na mtu mwenye mbwa mmoja hapa mjini ataifanyia nini? Anapimiwa. Nikanyoosha mkono kwenye rafu nikijiona hodari. Bwana Kilonzo akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili.

"Ya nani?" akamwuliza yule mama.

"Ya viroboto, nimesema."

"Nimesikia. Ya nani?"

"Aii, huyu mzee naye! Ya mbwa."

"Anaitwa nani?"

Mama akacheka, akatutazama kama watu waliopungukiwa. "Anaitwa Jimmy. Unataka na kitambulisho chake?"

"Jimmy ana umri gani? Nyumbani kuna paka? Kuna mtoto anayetambaa?"

Alipokwisha kujibiwa yote ndipo akapima. Akakata kipande cha plasta, akaandika "JIMMY, MBWA" kwa kalamu ya wino, akabandika kwenye chupa. Mama alipoondoka, akanigeukia.

"Ukimwuliza mtu dawa ya nini, atakwambia ya viroboto," akasema. "Viroboto si wagonjwa. Mgonjwa ni Jimmy. Uliza ya nani, na usipopewa jina, usitoe kitu."

Niliona ni ushamba. Nilikuwa nimetoka chuoni na daftari zima la majina ya kemikali, nikifundishwa kazi na mzee wa gambuti. Ilinichukua muda kuelewa alichokuwa akipigana nacho. Kwetu, neno ni moja tu. Kuna dawa ya homa na dawa ya panya, dawa ya kikohozi na dawa ya mende. Kinachoponya na kinachoua tumevipa jina moja, kisha tunavipima katika chupa za soda zinazofanana. Bwana Kilonzo hakuweza kuibadilisha lugha, kwa hiyo akawa anauliza swali lake, mteja baada ya mteja, huku watu wakimcheka.

Kazi nyingine alinifundisha kwa kunifanyisha. Kitana hiki ni yeye aliyenipa. Unamchana mnyama kuanzia kiunoni kuelekea mkiani, unapukutisha uchafu juu ya pamba nyeupe iliyolowa maji. Ukiona chembe nyeusi zinatoa wekundu kama kutu, huo ni uchafu wa kiroboto, na wekundu ule ni damu ya mnyama. Sijaona hotuba inayomshawishi mwenye mbwa kuliko ile pamba. Mtu anaingia akibisha kwamba mbwa wake ni safi, analala kitanda kimoja naye. Unamwonyesha pamba. Ghafla yeye mwenyewe anaanza kujikuna.

Nimeona mengi. Nimeona kupe wamechomwa kwa kiberiti wakiwa bado wameng'ang'ania sikio la mbwa, na wamemwagiwa mafuta ya taa, wakati kinachotakiwa ni kumshika kupe karibu kabisa na ngozi, kumvuta taratibu kwenda juu bila kumsokota, basi. Nimeona watu wakiniletea karatasi iliyokunjwa mara nane, ndani yake vipande vyeupe kama punje za mchele walivyovikuta chini ya mkia wa paka, wakininong'oneza kama wanaleta siri ya serikali. Ni minyoo. Na minyoo ile huja kwa kumeza viroboto, kwa hiyo ukitibu tumbo ukaacha manyoya, mtaonana tena baada ya mwezi.

Kuna kijana wa Jericho aliniletea mbwa mweusi tititi anayenuka gereji.

"Niaje mathe," akasema. "Huyu dogi alikuwa anajikuna hadi manyoya inatoka. Nikampaka oil, lakini bado."

"Oil gani?"

"Ile chafu ya gari. Si kila msee hutumia hiyo?"

Tulimwosha mara nne. Chini ya oil tukakuta mbwa wa rangi ya kahawia, na kijana akashangaa kuliko sisi, maana alipewa mbwa akiwa tayari ameshapakwa, naye akaongezea tu. Ukurutu wake tuliutibu kwa wiki kadhaa. Kijana yule bado hunipigia simu kuniuliza kuhusu mbwa wa rafiki zake, na huanza kwa kutaja jina la mbwa. Hilo nililifanikisha.

Bwana Kilonzo alipostaafu akarudi Machakos, kaunta ikabaki mikononi mwangu. Na hapa ndipo niwaambie ukweli. Miaka ya kwanza niliuliza lile swali lake na kuandika plasta. Kisha foleni zikawa ndefu, nikawa nawajua wateja kwa sura, nikaanza kuandika "viroboto" tu badala ya jina. Baadaye plasta zikiisha sikuharakisha kuagiza nyingine. Hakuna aliyenilalamikia. Nilikuwa nimeshakuwa Mama Dawa, na nilidhani jina hilo linatosha kuwa lebo.

Sasa Karani, yule paka wa Majengo. Mmesikia vipande vya kisa hiki, na baadhi yenu mmekisimulia vibaya, kwa hiyo nakiandika kilivyokuwa.

Majengo kuna nyumba moja ya zamani ya Kiswahili, ya vyumba vilivyotazamana na ua katikati. Chumba cha mbele alikaa Bi Saumu, mama mtu mzima, mpishi wa mahamri na kaimati ambazo asubuhi hazifiki saa mbili zikiwa bado zipo. Binti yake aliolewa Malindi. Bi Saumu alibaki na paka, dume la kijivu mwenye soksi nyeupe, aliyeitwa Karani kwa sababu popote palipowekwa karatasi, iwe gazeti, barua au risiti, alikwenda akaikalia. Karani ndiye aliyewafukuza panya wasiguse unga. Ndiye pia ambaye Bi Saumu alizungumza naye kutwa. "Chumba kikiwa kimya sana," aliniambia, "naanza kuongea na sufuria, na sufuria halinijali."

Chumba cha nyuma alikaa Mama Nekesa, mtu wa Bungoma, anayeshona na kurekebisha nguo za mitumba kwa wafanyabiashara wa Gikomba. Alikuwa na mbwa mdogo mwekundu anayeitwa Popi, aliyelala mlangoni kwake juu ya rundo la sweta zisizouzika.

Viroboto walikuwa wameijaza nyumba nzima, na hao mama wawili walikuwa hawasemezani. Bi Saumu alisema wametoka kwa mbwa. Mama Nekesa alisema mbwa wake hatoki mlangoni, ila paka ndiye mzururaji. Ilifika mahali maji ya mfereji wa uani wakawa wanateka kwa zamu ili wasikutane. Mpangaji mwingine ndiye aliyeniita, akiwa amechoka kupitisha salamu za hasira.

Nilikwenda siku ya Alhamisi. Nikaanza kwa Popi. Kabla ya kuingia kwa Bi Saumu nilivua koti nikaliacha nje, nikanawa mikono mferejini mpaka juu ya viwiko, kwa sababu nilikuwa nimeshika mbwa na yeye ni mtu wa kuswali chumbani mwake. Aliniona kupitia dirishani, na niliponyoosha mkono kumsalimu akaushika kwa mikono yake miwili.

Nikawaita wote uani. Pamba ya Popi ikatoa wekundu. Bi Saumu akatikisa kichwa kama aliyeshinda kesi. Kisha nikamchana Karani. Pamba yake nayo ikatoa wekundu, tena zaidi.

"Kiroboto ni yule yule," nikawaambia. "Haulizi nani ametoka pwani na nani ametoka Bungoma. Na wengi wao hawako kwenye mnyama. Mayai yamo nyufani, chini ya vitanda, kwenye hizi sweta. Mmoja akitibu leo na mwingine wiki ijayo, mtakuwa mnapelekeana wageni tu."

Nikawaeleza: sweta zichemshwe zianikwe juani, vyumba vyote vifagiliwe mpaka kwenye pembe, na Jumamosi wanyama wote wawili watibiwe. Mama Nekesa nilimpimia dawa ya kumwosha Popi papo hapo, katika chupa ndogo ya soda niliyokuja nayo. Bi Saumu nilimwambia apite kliniki kesho yake, matone ya paka yalikuwa yamebaki huko. Hayo nilimwambia chumbani kwake, pembeni, nikiwa nimeshatoa mguu mmoja nje.

Kisha pale uani, mbele ya wote wawili, nikasema sentensi ambayo nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Nilisema: "Kwa hiyo Jumamosi nyote mpake dawa ya viroboto, siku moja, msipishane."

Sikusema ya Popi. Sikusema ya Karani. Kwenye chupa hapakuwa na plasta.

Jumamosi, kabla ya saa sita mchana, nilisikia kelele mlangoni kwetu. Waliingia wote wawili pamoja. Mama Nekesa alikuwa amebeba beseni la plastiki, na ndani yake kulikuwa na kitu kimefungwa kwa leso ya Bi Saumu. Bi Saumu alikuwa amevaa kandambili mbili zisizofanana.

"Daktari, Karani anatetemeka," akasema Bi Saumu. Nilikuwa nimeshaacha kumkatalia hilo jina la daktari. "Nimempaka dawa kama ulivyosema, na sasa hanijui."

Nilifungua leso. Masikio yalikuwa yakicheza, udenda ukimtoka, miguu ikirukaruka bila yeye kuitaka.

"Dawa gani, Bi Saumu? Kliniki hukufika."

"Ile yako. Mwenzangu alinigawia nusu."

"Ni ile ulinipimia," akasema Mama Nekesa, sauti ikianza kupasuka. "Jana jioni nilimwona akifagia peke yake na huo mgongo wake. Nikasema, haki, tumenuniana vya kutosha. Badala ya mama kutembea mpaka kliniki na hayo magoti, si nimgawie? Ulisema tupake wote. Nilikosea, Daktari?"

Dawa ya Popi ilikuwa ya jamii ile ambayo mbwa huoshwa nayo na kwenda zake kucheza, ila mwili wa paka hauwezi kuivunja. Tena paka hujilamba, kwa hiyo anachopakwa mgongoni huishia tumboni. Mnalijua hilo. Nililijua pia mimi, kwa miaka mingi. Wale mama wawili walikuwa wamepatana kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na kitu walichopeana kuweka amani ni chupa yangu isiyo na jina.

Daktari Akinyi, daktari wetu wa kweli, alikuwa ameshavaa glavu. "Maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo," akaniambia. "Si maji moto. Msimsugue sana."

Nilimtia Karani kwenye sinki. Nikasema, bila kugeuka, "Mama Nekesa hakukosea. Kosa ni langu. Sikuwaambia dawa ni ya nani."

Nilitegemea kelele, na ningezistahili. Bi Saumu akasema, "Makosa tutayahesabu baadaye, mwanangu. Osha."

Tuliosha mara tatu. Mama Nekesa alikunja mikono ya gauni akamshika Karani kichwa kisizame, akimsemesha Kibukusu cha kwao ambacho paka yule hakuwahi kukisikia maishani. Daktari Akinyi akamchoma sindano ya kutuliza misuli, akamwekea dripu, tukamfunga kwa taulo na chupa za maji ya uvuguvugu kando kando. Kisha ikawa hakuna la kufanya ila kumtazama. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, na hakuna chuo kinachoifundisha.

Mama Nekesa alikaa kwenye benchi akilia waziwazi. "Watu watasema nilimwekea sumu," akasema. "Pale nyumbani wote walisikia tukigombana. Nitaeleza nini?"

"Waje waniulize mimi," akasema Bi Saumu. Alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani. Baada ya muda akasogea, akakaa karibu na Mama Nekesa mpaka mabega yakagusana. "Lakini akiniondokea, Nekesa, sijui nitamweleza nani mambo ya mchana."

Walikaa hivyo mpaka tukafunga kliniki. Daktari Akinyi alibaki na Karani. Mimi nilikwenda nyumbani nikakaa na sentensi yangu.

Jumapili haikuwa zamu yangu. Nilifika jua likichomoza. Karani alikuwa ndani ya kizimba, macho wazi, mtetemo umebaki kwenye ncha za masikio tu. Daktari Akinyi alikuwa amesinzia kitini. Nikafungua kizimba nimpime joto, nikaweka karatasi ya matibabu mezani ili niandike. Karani akainuka. Miguu ya nyuma ilimyumbisha, akasimama, akafikiri. Kisha akavuka meza hatua kwa hatua, akaipanda ile karatasi, akaizunguka mara moja, akaikalia.

Nililia kama mtoto. Daktari Akinyi akaamka akiuliza kama amekufa, nikamwonyesha karatasi tu.

Mchana huo nilimpigia simu Bwana Kilonzo. Nilitaka kujiadhibu, na nilijua ni mtu wa kutegemewa kwa hilo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyo paka, jina lake ulilijua kabla ya kutoa dawa?" akauliza.

"Nililijua."

"Basi huna kisingizio." Nikasikia mbuzi wake nyuma. "Amepona lakini?"

"Amepona."

"Haya. Kesho uulize."

Jumatatu niliagiza plasta. Lakini plasta huloa na kubanduka, na kuna wateja wasiosoma, na wengine husoma baada ya kupaka. Nikalisema hilo mbele ya Mama Nekesa alipokuja kumchukua Karani pamoja na Bi Saumu. Yeye ndiye aliyefungua mkoba wake wa kushonea, akatoa kigurudumu cha uzi mwekundu.

"Funga hapa shingoni mwa chupa," akasema. "Ya mbwa ifungwe. Ya paka iachwe. Hata ukigawa, uhamishe na uzi. Mimi najua watu wa kugawa, maana ni mimi."

Kitu kidogo hivyo. Tulifunga uzi kwa kila chupa ya mbwa iliyotoka kaunta ile, na kila aliyechukua alielezwa, na kila aliyeelezwa aliulizwa nyumbani kuna nani. Bi Saumu aliigeuza habari hiyo kuwa mahubiri. Hukununua kaimati kwake bila kuambiwa habari za uzi. Mama Nekesa aliipeleka Gikomba, na wateja wake wa Gikomba wakaipeleka walikokwenda. Baada ya mwezi mmoja nilirudi Majengo na pamba zangu. Nikamchana Popi, nikamchana Karani. Pamba zote mbili zilibaki nyeupe. Tulisimama uani watu wazima watatu tukifurahia pamba iliyolowa, na mpangaji aliyekuwa akipita akatuuliza kama kuna harusi.

Nawaambia haya kwa sababu mtachoka kama nilivyochoka. Foleni itakuwa ndefu, mteja atakuwa na haraka, nanyi mtakuwa mnajua kila kitu. Uliza hata hivyo. Watu wetu wanapenda wanyama wao kuliko wanavyokiri, na atakayekuambia jina la mbwa wake atasikiliza utakalosema baada ya hapo.

Siku niliyoaga, Bi Saumu aliniletea mtoto wa paka ndani ya kikapu cha mahamri. Wa kijivu, soksi nyeupe. "Baba yake humjui?" akaniuliza. Sikuwahi kufuga mnyama. Mwenye nyumba wangu wa kwanza alikataza, na baadaye nikazoea kushika wa wengine. Nikampeleka Umoja, ninakokaa. Wiki hiyo hiyo nikaona viroboto wawili shingoni mwake.

Sasa mcheke. Baada ya miaka thelathini na mmoja, nilivaa viatu nikakimbia mpaka duka la dawa za mifugo lililo mtaani kwetu, mahali nisipojulikana, nikamwambia binti wa kaunta, "Nipimie dawa ya viroboto."

Binti hakugusa rafu. "Ya nani, mama?"

"Ya paka."

"Anaitwa nani?"

Nilikuwa bado sijampa jina. Nikasema la kwanza lililonijia. "Kilonzo."

"Kilonzo ana wiki ngapi?"

"Saba."

"Aah, hapana. Huyo bado ni mtoto, dawa hatumpi." Akanielekezea chupa zilizopangwa nyuma yake, na shingoni mwa nusu ya chupa hizo kulikuwa na uzi mwekundu. "Na hata akikua, mama, ukiona yenye uzi, usimpake. Hiyo ni ya mbwa, paka inamuua. Usikubali hata jirani akikugawia."

"Huo uzi ni mpango wa nani?" nikamwuliza.

"Sijui. Nilikuta unafungwa. Huku kila mtu anajua." Akainama juu ya kaunta, akashusha sauti, akawa mpole kama mtu anayesema na mgeni asiyejua kitu. "Wewe mchane tu kila siku, uwatie viroboto kwenye maji ya sabuni. Lakini utahitaji kitana cha meno madogo, kile cha chuma. Unacho?"

"Ninacho," nikasema, nikakaza mkono juu ya mkoba wangu.